Sikiliza B: Namna ya Kumpima Mpiga Obo wa Muziki Mpya

Nimechoka kuona kazi mbovu ikisifiwa kwa sababu tu ni mpya. Majuzi, katika ukumbi mdogo wa mji mmoja wa Ujerumani ambao sitautaja, kijana alisimama na obo yake akapiga Sequenza VII ya Luciano Berio. Alipinda mgongo, akatupa nywele, akakoroma kwenye tete, akapuliza muda mrefu bila kuonekana akivuta pumzi. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Siku ya pili yake mwandishi wa gazeti akamsifu kwa ujasiri. Mimi nilibaki kitini. Kijana yule alikuwa nje ya sauti tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na waliokuwa wakipiga makofi hawakuligundua hilo. Walisikia vurugu, wakadhani vurugu ndiyo kazi yenyewe.

Imeenea dhana, hata miongoni mwa walimu ambao wangepaswa kujua zaidi, kwamba muziki wa kale unadai usafi na muziki wa kisasa unadai uthubutu. Dhana hiyo imewapa riziki wababaishaji wengi. Anayemharibu Mozart hujulikana papo hapo, kwa kuwa wimbo wenyewe umo vichwani mwa watu. Anayemharibu Berio hujificha nyuma ya ugeni wetu. Ukweli ni kinyume: muziki mpya haukupunguza sharti la usafi hata kidogo, bali umeliongeza, kwa sababu umemnyang'anya mpigaji wimbo uliokuwa ukimsitiri. Naandika haya ili msomaji anayeingia ukumbini, au anayemtafutia mwanawe mwalimu, awe na masikio yake mwenyewe asitegemee ya mwandishi wa gazeti.

Vipimo vya kutupa

Anza kwa kutupa kipimo cha mwili. Mpigaji anayetikisika hajakuambia lolote kuhusu muziki. Obo hupigwa kwa midomo, ulimi, vidole na misuli ya tumbo, na vyote hivyo hufanya kazi vizuri zaidi kiwiliwili kikitulia. Sijawahi kumsikia mpiga obo mkubwa ambaye ilinibidi nimtazame ndipo nimwelewe.

Tupa pia kipimo cha kasi. Vidole vyepesi vinapatikana kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye bidii.

Kipimo cha tatu cha kutupa ni pumzi ndefu, na hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote, hasa ninapomwona Mswahili mwenzangu akikishangilia. Kupumua mzunguko ni ufundi wa kazini. Wapiga zumari wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mombasa, wamekuwa wakijaza mashavu na kuvuta hewa kwa pua huku wimbo ukiendelea, ngoma nzima, bila mtu kuwaandikia makala. Zumari na obo ni ndugu wa tumbo moja, zote za tete la midomo miwili. Mpiga zumari huliingiza tete lote kinywani, midomo ikagota kwenye kibati cha duara. Mpiga obo hulishika ncha yake tu kwa midomo iliyokunjwa juu ya meno. Aliyekulia akiisikia zumari hana sababu ya kuduwaa Ulaya kwa jambo aliloliacha nyumbani.

Isitoshe, obo haimwishii mtu pumzi. Tundu la tete ni jembamba mno, hewa hupita kidogo kidogo, na mapafu hubaki yamejaa hewa iliyokwisha kutumika. Mpiga obo husongwa na hewa aliyonayo. Kwa hiyo bingwa hupimwa kwa mahali anapotoa pumzi kabla ya kuvuta nyingine. Mchukue Schumann, zile Romanze tatu za Op. 94 za mwaka 1849, ambazo mtunzi aliziandika mfululizo kana kwamba mpigaji hana kifua. Sikiliza kama mpigaji anatoa pumzi pale sentensi ya muziki inapoishia, au anaikata katikati kwa kuwa kifua kimemzidi nguvu. Anayejua kutoa pumzi kwa Schumann atajua kuitoa kwa mtunzi wa kisasa kama Elliott Carter. Asiyejua, hata apulize mzunguko mpaka alfajiri, ni mchezaji wa sarakasi.

Tete

Sizungumzi muziki na mpiga obo asiyechonga matete yake. Hilo kwangu halina mjadala. Anayenunua tete dukani anapiga kwa sauti ya mtu mwingine, na tete la plastiki lina sauti ya plastiki.

Matete mazuri hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa. Hukaushwa taratibu, hupasuliwa, hukwanguliwa ndani mpaka unene wa katikati ubaki kama milimita 0.6, hukunjwa, hufungwa kwa uzi kwenye kibomba cha milimita 47, kisha ndipo kisu kinapoanza kazi ya kweli. Wamarekani wanaofuata njia ya Marcel Tabuteau, aliyekuwa mpiga obo wa kwanza wa Okestra ya Philadelphia tangu 1915 hadi 1954, huchonga sehemu ndefu. Wa Ulaya huchonga fupi. Mimi ni wa fupi. Njia ndefu ina utamu wake, lakini inazibana sauti za ajabu ambazo watunzi wa leo wanazitaka.

Hapa ndipo ujanja wa kwanza unapoingia. Ukitaka sauti za ajabu zifunguke bila taabu, chonga tete laini, lililolegea. Litakoroma, litapasuka, litatoa multifoniki, yaani nota kadhaa kwa pamoja, kwa kuguswa tu. Lakini nota za kawaida zitalegea nazo, zile za juu zitaning'inia chini ya kimo chake, na pianissimo ya chini itakuwa ya hewa tupu. Wababaishaji wengi wa muziki mpya wana tete la namna hiyo ndani ya kisanduku, wamelitenga kwa ajili ya Berio, na jingine la heshima kwa ajili ya Mozart. Nasema wazi: mwenye tete la kale na tete la kisasa hajalijua hata moja kati ya hayo mawili. Mtake apige kwarteti ya obo ya Mozart ya mwaka 1781 na kazi mpya jioni moja, kwa tete moja. Akikataa, umeshapata jibu.

Ile B

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, jambo ambalo msikilizaji mgeni hulikosa kila mara, na ambalo likikosekana hakuna kingine cha kupimwa.

Berio aliandika Sequenza VII mwaka 1969 kwa ajili ya Heinz Holliger, Mswisi aliyezaliwa Langenthal mwaka 1939. Holliger alijifunza utunzi kwa Sándor Veress na Pierre Boulez, akashinda mashindano ya Geneva mwaka 1959 na ya Munich mwaka 1961. Karatasi ya Sequenza hiyo imepangwa kwa mistari 13, kila mstari una vipande 13, na kila kipande kimepewa muda wake kwa sekunde. Vipande vya mwanzo wa mstari ni virefu, vya mwisho ni vifupi. Na muda wote huo, kama dakika 7 hivi, nota moja ya B inasikika kutoka mahali pasipoonekana, kwa sauti ya chini kabisa, bila kupanda wala kushuka. Inaweza kutoka kwenye mashine, inaweza kutoka kwa klarineti iliyofichwa nyuma ya jukwaa. Wajerumani huiita nota hiyo H, herufi inayoanzia majina yote mawili ya Heinz Holliger.

Msikilizaji mgeni huisikia ile B kwa sekunde kumi za mwanzo, kisha huisahau. Huidhani ni pambo, au hitilafu ya spika. Kumbe ndiyo timazi. Mwashi akining'iniza timazi yake ukutani, ukuta hauwezi tena kudanganya; na Berio aliitundika ile B ili mpigaji asiweze kudanganya.

Angalia anachoombwa kufanya. Obo inaanza kwa B hiyo hiyo. Mpigaji anaipiga kwa nguvu, kisha kwa upole, fupi, ndefu, fupi tena. Halafu anaipiga kwa mashiko mengine. B ya kawaida kwenye obo ni kidole kimoja tu, shahada ya mkono wa kushoto. Lakini ukiongeza kidole huku na kufungua ufunguo kule, B ileile hutoka ikiwa na rangi nyingine: moja ina mwanga, moja imezibwa, moja ya puani, moja kavu. Mtunzi ameyaonyesha mashiko hayo kwenye karatasi. Kwa muda mrefu hakuna wimbo. Pana nota moja tu, inabadilika rangi mbele ya timazi isiyobadilika.

Shida iko hapa. Kila mashiko yanavuta kimo upande wake. Haya yanapandisha kwa unywele, yale yanashusha kwa unywele. Midomo lazima irekebishe kila mara, kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ili rangi ibadilike na kimo kisibadilike. Tukichukua A ya 440, B hiyo ina mitetemo karibu 494 kwa sekunde. Mpigaji akipanda mpaka 496 huku ile iliyofichwa imebaki 494, sauti mbili zitapishana, na hewa ya ukumbini itawayawaya mara mbili kwa sekunde: waa, waa. Kusikia hivyo hakukudai shahada ya muziki. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kuwasikia waimbaji wawili wa sauti ya kwanza wakikaribiana bila kulingana anakijua kiwayawayo hicho. Kilichopungua kwa wasikilizaji ni kuambiwa wakitafute.

Kwa hiyo fanya hivi. Usitazame vidole. Funga macho kama yanakusumbua. Ikamate ile B iliyofichwa na usiiachie, hata pale obo inapopiga kelele juu yake. Kila obo inaporudi kwenye B, jiulize swali moja tu: imeungana, au inawayawaya? Bingwa akirudi, ile sauti ya mafichoni hupotea kwa nukta, kwa kuwa imemezwa. Halafu obo ikinyamaza, unaisikia tena na unashindwa kujua ilianza lini. Huko kupotea na kutokea ndiko uzuri wa kazi hii. Berio alitaka obo ionekane kuwa na mwangwi wa kudumu, na mwangwi hauwezi kuwa nje ya sauti ya kitu kilichouzaa.

Mtihani mkali unakuja baadaye, nota nyingine zinapoingia moja baada ya moja, na mpigaji analazimika kuruka juu, kutetemesha ulimi, kufungua multifoniki, kisha arudi B. Midomo sasa imechoka, na midomo iliyochoka huuma tete, na tete lililoumwa hupanda kimo. Mpigaji wa kawaida anayeanza vizuri, ukimfuatilia mpaka mistari ya mwisho, utamkuta amepanda juu ya timazi na hajui. Yule kijana niliyemtaja alikuwa amepanda tangu mwanzo, na kufikia mstari wa kumi B yake na ile ya spika zilikuwa zimekuwa nota mbili mbalimbali.

Wajanja wanalijua hili, na wana dawa zao. Nimemshuhudia mmoja aliyemwagiza fundi mitambo aishushe ile B mpaka isisikike kupita safu ya pili ya viti. Timazi ikaondolewa, na ukuta ukasifiwa kuwa umenyooka. Mwingine alifanya kinyume: aliipandisha ikawa mvumo mzito unaofunika kila kiwayawayo. Wa tatu alitia vibrato kwenye kila B, ndefu kwa fupi, ili kimo kisipate mahali pa kukamatwa. Ukiona moja ya haya matatu, jua ni mtu anayeogopa. B iliyofichwa inapaswa kusikika kwa shida lakini isikike mpaka kiti cha mwisho, na obo inapoigusa haipaswi kuwa na vibrato hata chembe.

Mwaka 1975 Berio aliichukua kazi hii akaizungushia ala 11 za nyuzi, akaiita Chemins IV, na B ikahamia kwa nyuzi hizo. Kama unaona Sequenza ni ngumu kuifuata peke yake, anza na Chemins. Nyuzi zitakuonyesha B ilipo, kisha rudi kwenye kazi ya obo pekee na masikio yaliyokwisha kufunguliwa.

Multifoniki

Mwaka 1967 Mwitaliano Bruno Bartolozzi alitoa kitabu cha sauti mpya za ala za mbao. Tangu hapo hakuna mwenye haki ya kusema multifoniki ni bahati nasibu. Kila moja ina mashiko yake, nguvu yake ya pumzi, mahali pake pa midomo kwenye tete. Holliger alithibitisha hilo mwaka 1971 kwa kazi yake ya obo pekee, Studie über Mehrklänge, inayosimama juu ya sauti hizo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kipimo ni chepesi: irudiwe. Mtunzi anapoandika multifoniki ileile mara mbili, je, mara ya pili nota zake za chini na za juu ni zilezile, kwa uwiano uleule? Ikiwa mara ya kwanza ya juu ilitawala na mara ya pili ya chini ikatawala bila karatasi kuagiza hivyo, mpigaji alikuwa anabahatisha. Namfahamu mwalimu mmoja aliyekuwa akiwaambia wanafunzi wake, "Pigeni chochote, nani anajua?" Wanafunzi wake wametawanyika Ulaya nzima wakipiga chochote, na watunzi wanalia kimyakimya kwenye viti vya mbele.

Sikiliza pia inavyoanza. Multifoniki nzuri haianzi kwa mlipuko isipokuwa imeagizwa. Inapaswa kuweza kuchipua kutoka kwenye nota moja, nota za pembeni zikajitokeza taratibu, na kurudi kwenye nota ileile bila kukatika.

Mwisho wa nota na ukimya baada yake

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa asiyesikia mwenyewe hatasaidiwa na maneno. Wanaoanza wote hufunza ulimi wao kuanzisha nota. Mabingwa hufunza tumbo lao kuimalizia. Nota ya obo ikikatwa kwa ulimi huacha kishindo kidogo cha mbao; ikiachwa na pumzi huondoka safi. Mapumziko katika muziki mpya yana urefu uliopimwa, na mpigaji anayetumia mapumziko kulamba tete, kupangusa mate au kugeuza ukurasa kwa kishindo ameiharibu nota iliyotangulia na ile ijayo.

Mtetezi hupimwa kwa onyesho la pili

Wengi siku hizi hujiita watetezi wa muziki mpya. Wanaorodhesha maonyesho ya kwanza waliyoyafanya, kumi, ishirini, hamsini. Mimi huuliza la pili lilikuwa lini. Kazi iliyopigwa mara moja ikawekwa kabatini haikutetewa, ilitumiwa.

Mtetezi wa kweli anaacha nyuma yake kazi ambazo wengine wanalazimika kuzipiga. Georges Barrère alipata filimbi ya platinamu, na Edgard Varèse akamwandikia Density 21.5 mwaka 1936. Leo hakuna mpiga filimbi anayemaliza masomo bila kuikabili. Severino Gazzelloni alimpatia Berio sababu ya kuandika Sequenza I mwaka 1958, na umaarufu wake ukavuka mipaka ya ukumbi wa kiklasiki kiasi kwamba Eric Dolphy, mpiga jazi wa Marekani, aliita wimbo mmoja kwa jina lake kwenye albamu yake ya 1964. Harry Sparnaay wa Uholanzi aliikuta klarineti ya besi ikiwa ala ya nyuma ya okestra, akaiacha ikiwa na mamia ya kazi zilizoandikwa kwa ajili yake. Ukiiondoa orodha ya Holliger, muziki wa obo wa nusu ya pili ya karne ya 20 unabaki mifupa, kwa kuwa katika orodha hiyo mna Doppio Concerto ya Henze ya 1966 na konseto ya Lutosławski ya 1980, zote mbili kwa ajili yake na mkewe Ursula, mpiga kinubi, konseto ya Elliott Carter ya 1987, na ile Sequenza.

Wakati mwingine utetezi ni kuuliza tu. Mwaka 1945, John de Lancie, askari wa Marekani aliyekuwa mpiga obo kabla ya vita, alifika nyumbani kwa Richard Strauss huko Garmisch, akamuuliza kama amewahi kufikiria kuandika konseto ya obo. Mzee alijibu hapana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameiandika, na mwaka 1946 ikapigwa Zürich. De Lancie alikuwa amefunzwa na Tabuteau, na ninaamini bila shaka kwamba alithubutu kuuliza kwa kuwa alijua anaweza kuipiga.

Kipimo kingine cha mtetezi ni jinsi anavyopanga jioni yake. Kazi mpya huwekwa katikati, baina ya mbili za zamani, au mwanzoni kabisa. Anayeiweka mwisho anawaambia wasikilizaji waende nyumbani mapema. Na mtetezi wa kipya asiyekijua cha kale hana anachokitetea. Miaka ya 1970 Holliger aliyekuwa akipiga Berio ndiye huyohuyo, pamoja na Maurice Bourgue na Klaus Thunemann, aliyerekodi sonata za Jan Dismas Zelenka, mtunzi wa zama za Bach ambaye wengi walikuwa hawajamsikia. Sikiliza rekodi zile: masikio yaliyoipima B ya Berio ndiyo yaliyompima Zelenka.

Mwalimu

Holliger alifundisha Freiburg tangu 1966 kwa zaidi ya miaka 30, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihariri mkusanyo wa mazoezi kutoka kwa watunzi mbalimbali, Pro Musica Nova, kwa ajili ya wapiga obo wanaotaka kuujua muziki mpya. Hivyo ndivyo mwalimu wa ufundi huu anavyofanya: haachi maarifa yake yabaki siri ya jukwaani.

Mwalimu usimpime kwa umaarufu wake. Mpime kwa wanafunzi wake, na uwasikilize angalau watatu. Wote wakiwa na sauti moja, tena sauti yake, wamefunzwa kuiga. Wakiwa na sauti tofauti na kimo kimoja kilicho sawa, wamefunzwa kusikia. Mwalimu wangu, mzee aliyeshika kisu cha tete zaidi kuliko alivyoshika kalamu, hakuturuhusu kugusa kazi mpya mpaka tuweze kushika nota moja, kutoka kimya hadi nguvu na kurudi kimya, mbele ya nota ya piano iliyobanwa kwa kanyagio. Kiwayawayo kikisikika tunaanza upya. Darasa lilikuwa limejaa harufu ya matete mabichi na vumbi la kuchonga, na hakuna aliyeona ajabu kutumia asubuhi nzima juu ya nota moja.

Leo wanafunzi wanakuja na simu inayowaonyesha mshale: ukiwa kijani wako sawa, ukiwa mwekundu wamekosea. Wanautazama mshale, hawasikilizi. Wanaweza kuwa sawa kwa jicho na kuwayawaya kwa sikio, kwa kuwa ule mshale hauisikii nota ya jirani. Zamani kulikuwa na wapiga obo wachache na masikio mengi. Sasa wapiga obo ni wengi, masikio yamepungua, na maonyesho ya muziki mpya yamekuwa mahali ambapo upungufu huo unapewa tuzo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, walio Nairobi, Dar es Salaam, Unguja na sisi tulio huku Ulaya: mwanafunzi akija na Berio mkononi, msimwulize kwanza kama anajua kukoroma au kupumua mzunguko. Mpeni nota ya B, ishikeni upande wenu, na mwambieni ajiunge. Akishindwa, arudishwe kwenye nota ndefu, hata kama onyesho ni wiki ijayo. Nawe msomaji, chukua rekodi ya Holliger mwenyewe, itafute ile nota iliyofichwa, uifuate mpaka mwisho mara mbili au tatu. Ukiisikia ikimezwa na kutokea tena, utakuwa na kipimo ambacho hakuna gazeti litakalokunyang'anya, na makofi yako yataanza kuwa na maana kwa mpigaji anayestahili.